Uzi wa Kijani Ndani ya Tundu la Kamera

Wifi yangu,

Kadi ya harusi ya mwanao Rahma imenifika salama hapa Bagamoyo. Nimeisoma mbele, nimeisoma nyuma, nikaiinua hata juani nione kama kuna kitu umekificha ndani. Miaka mitatu hujanipigia simu, kisha ghafla kadi, na chini yake maneno manne kwa mkono wako: "Njoo na kamera yako." Nikajisemea, hee, huyu ana lake. Anataka nifike huko kwake Mkange, nisimame katikati ya wanawake, kamera iiname mbele ya watu, nami niaibike kama alivyoaibika yeye.

Ndiyo, mimi ni yule yule. Kaka yako husema ningeishuku hata chumvi kama kweli ni chumvi. Simbishii, mume wangu wa miaka kumi na minne ananijua.

Lakini unakumbuka tulivyokuwa? Upande wa wanawake haupigwi picha na mwanamume, na mji mzima ulitujua sisi wawili. Mimi na kamera, wewe mlangoni na kikapu cha ukili, unakusanya simu za wageni moja moja. Hapiti mtu. Yule bibi aliyeficha simu kifuani ulimwambia, "Shikamoo bibi yangu, na hiyo inayowaka taa hapo kifuani nayo iteremke." Nilicheka hadi picha zangu zikatoka zimetikisika. Wanawake walivua mabuibui yao wakacheza wanavyotaka, kwa sababu wewe ulikuwa mlangoni. Walikuamini wewe kabla ya kuniamini mimi. Hilo sikukuambia hata siku moja.

Sasa nilitaje lile jambo, tena hadharani, kwa kuwa nililitenda hadharani.

Uliniomba kamera, ikakaa kwako siku mbili. Ilipokuwa inarudi nikakuuliza ilikuwa inafanya nini huko. Ukajibu, "Ilikuwa inapumzika." Kamera inapumzika! Nililiweka jibu hilo moyoni nikawa nalitafuna. Ikafika harusi ya hapa mjini. Bibi harusi ndiyo kwanza anatolewa, vigelegele vimepanda, kamera ikalegea juu ya stendi yake ya miguu mitatu, ikainama, ikawa inapiga picha zulia. Nikaipindua. Lile tundu la chini linaloshika skrubu ya stendi lilikuwa limelika meno, na pembeni mwake kuna gundi iliyokauka. Gundi, wifi! Mimi sijawahi kuitia gundi kamera yangu. Basi kuna mkono mwingine ulioipitia.

Nikasema. Mbele ya mama wa bibi harusi, mbele ya somo wake aliyemfunda, mbele ya wanawake walio vichwa wazi. Nikasema umeiazimisha kamera kwa wanaume, na picha za wake za watu na binti zao zimeshaonwa. Nikamalizia kwa sauti ya kusikika hadi uani, "Kikulacho ki nguoni mwako!" Wanawake wakaanza kutafuta mabuibui yao. Wewe ulinitazama, ukaweka kikapu chini taratibu, simu zote zimo. "Haya, wifi," ulisema. "Mungu yupo." Hukujitetea hata kwa neno moja, na ukimya huo mimi nikaufanya ndio ushahidi.

Hakuna aliyekuita tena mlangoni. Mwaka haukuisha mkahamia Mkange kwa wakwe zako, mkalime. Hata cherehani yako uliiacha kwetu.

Kamera sikuipeleka kwa fundi. Nimpe fundi, na fundi ana macho? Nimefanya kazi miaka hii yote nikiishika mkononi, mabega yamekufa ganzi, na picha nyingine nazificha kwa aibu. Ila kadi yako ilipokuja nikaapa sitakanyaga kwako na kamera mbovu. Nitaitengeneza mwenyewe, nisiwape la kusema.

Juzi baada ya adhuhuri nikafunga mlango. Nikatoa betri, nikatoa memori kadi nikaitia mfukoni, nikatandika kitambaa cheupe kwenye sinia ili skrubu zisitoroke. Ni ndogo kama punje za mtama. Kila niliyoitoa nikaibandika kwenye utepe na kuandika ilikotoka, maana siiamini hata kumbukumbu yangu. Bati la chini likaachia. Kumbe tundu lenyewe ni kipande cha chuma kilichoshikwa kwa ndani na skrubu tatu. Nikakitoa chote, nikaanza kuchokonoa ile gundi kwa sindano.

Ukatoka uzi.

Uzi wa kijani, wifi. Umezungushwa humo kwa ustadi, mzunguko juu ya mzunguko, ukalowekwa gundi ili uzibe pale meno yalipolika. Niliujua mara moja. Ni uzi wa gauni langu la Idi ulilonishonea wewe, rangi uliyoihangaikia mpaka ukaipata Kariakoo. Na unajua nilifanya nini? Nilifurahi, Mungu anisamehe. Nikasema, aha, leo nimemkamata, alikuwa na la kuficha!

Kisha nikatazama chini ya uzi. Meno ya tundu hayakulika ovyo. Juu ya meno mapana ya kamera palikuwa pamechimbwa meno mengine, membamba, yamesongamana. Nilijua pa kwenda kuyatafuta. Nikaiendea cherehani yako, nikafungua ile skrubu nene ya ubavuni, nikaijaribu tunduni. Ikaingia mizunguko miwili, ikakwama.

Unaikumbuka asubuhi ya harusi ya Ubena? Ilikuwa wiki moja kabla hujaniomba kamera. Nilikuja kukupitia, skrubu ya stendi imepotea, gari linapiga honi nje, wewe bado unavaa. Nikachomoa skrubu ya cherehani yako bila kukuomba. Unene ni ule ule, nikaona imetosha. Ilipokataa kuingia nikaikaza kwa plaizi. Ikalia krrr, ikashika, na nikajisifu kwamba mimi mwanamke wa shoka. Jioni nikaifungua kwa plaizi ile ile nikairudisha mahali pake, na tundu sikulitazama. Sitasema nilisahau. Nilijua, na sikutaka kujua.

Wewe ukaiona skrubu yako imekwaruzwa, ukaelewa. Na ulikuwepo siku kaka yako aliponiletea kamera ile. Hakutaka nizunguke kwenye maharusi ya watu, akasema mbele yako, "Siku ikiharibika kwa uzembe wako, kazi hii basi." Ndiyo maana ukaichukua siku mbili, ukaitia uzi na gundi, ukairudisha bila maneno. Na siku nilipokuchafua mbele ya watu, sentensi moja tu ingekuokoa. Hukuisema, kwa sababu jioni ile ile ingemfikia kaka yako, na mimi ningekaa ndani hadi leo. Nyani haoni kundule, wifi, nami nimekaa miaka mitatu nikilitazama la kwako.

Jana nikamwambia mume wangu yote, skrubu, plaizi na uzi. Nilingojea aulize habari ya kamera. Yeye akauliza, "Na dada yangu je?" Nimelia, nakwambia wazi.

Kamera imepona. Unaikumbuka ile yangu ya kwanza, ya chapa hii hii, iliyokufa kwa mvuke wa pilau? Nimeitoa tundu lake, likakaa sawasawa, nikarudisha skrubu zote na haikubaki hata moja mkononi. Tangu jana iko juu ya stendi hapa sebuleni. Naitikisa kila nikipita, na haisogei, na bado naipitia tena kuihakiki. Uzi wako nimeukunja ndani ya karatasi.

Hata sasa sijui kwa nini umeniita. Labda umenisamehe. Labda unataka nisimame pale ulipokuwa umesimama siku ile, watu wote wakinitazama. Nimeligeuza jambo hili kila upande, na kila upande naona una haki. Nitakuja.

Kikapu chako ninacho, nitakuja nacho. Najua mama wa bibi harusi hasimami mlangoni, ila nakuomba usimame dakika moja tu, nitakapofika. Wengi wa wanawake waliokuwepo siku ile watakuwepo. Simu yangu iwe ya kwanza kuingia kikapuni, na mkoba wangu uupekue mpaka chini, wote wakiona. Nawe ukimaliza nitawaambia, kwa sauti ile ile ya kusikika hadi uani, kwamba kilichokuwa kikitutafuna siku ile hakikuwa mlangoni. Kilikuwa kimeshika kamera.

Mimi wifi yako,
uliyenisitiri.