Paa Tulilolivua

Hekaluni, kilimani

Mama yangu mpendwa,

Shikamoo. Magoti yanaendeleaje? Mitungi ya kabichi ya kimchi mmeshaizika ardhini, au wewe na dada bado mnabishania chumvi? Mimi mzima, nakula nashiba, na moyo wangu umetulia.

Mama, mwezi ujao tunapandisha boriti ya kilele cha ukumbi mkuu, na kila fundi hualika wazazi wake. Nakuomba uje. Najua hujakanyaga huku tangu nilipofeli mtihani wa chuo kikuu.

Paa lote tumelivua. Nguzo zimepinda vilevile zilivyoota msituni, na kila moja imechongwa kitako kifuate mabonde ya jiwe inalosimamia. Msumari huuoni. Mzee Tak, fundi mkuu wetu, anasema waliojenga baada ya vita kuuteketeza ukumbi wa kwanza walikuwa na njaa, ila haraka hawakuwa nayo. Nguzo moja ilikuwa imeoza, akanipa mimi nichonge nyingine ya kushika nafasi yake. Nilichonga siku nne. Akaisukuma kwa bega, haikutikisika. Akasema basi leo sikumharibia mti. Kwa Mzee Tak hiyo ni sifa kubwa, nami nilifurahi kama mtoto.

Sasa lililonifanya nishike kalamu. Dada ananiambia hadi leo unajilaumu: eti ulisujudu siku mia moja kabla ya mtihani wangu, na huenda siku moja ulisujudu huku unawaza mambo ya dukani. Miaka thelathini na minne, Mama!

Tulipokuwa tukishusha vigae, Mtawa Hyeon alikuwa akisoma maombi yaliyoandikwa juu yake na waumini waliovichangia. Akafika kwenye kimoja, akacheka mpaka akakaa chini. Mwandiko ulikuwa wangu. Mwaka ule paa lilipotengenezwa ulichangia kigae, ukanituma nikakuandikie ombi, kwa kuwa mwandiko wako uliuonea haya. Ulisema niandike: Mun-seop afaulu, awe hakimu. Sikuandika hivyo. Nilikuwa nimeshinda wiki nzima nikiwatazama maseremala. Niliandika: Mun-seop afeli, abaki huku achonge mbao.

Sujudu zako hazikuwa na kasoro, Mama. Ni mimi niliyekuzunguka. Nisamehe kwa kukuficha. Useremala wenyewe siujutii hata kidogo.

Msalimie dada, na majirani wote wanaoniulizia. Nimekuwekea kigae kipya, hakijaandikwa kitu. Safari hii usimtume mtu.

Ni mimi mwanao,
Mun-seop