Maharagi ya Matanga ya Papa

Simi-Simi, Kisangani
Tarehe 14 Juni

Yaya Léon,

Pokea salamu zangu na za watoto. Hapa tunaendelea vizuri, isipokuwa Benie aliyeshikwa na malaria juma lililopita. Sasa ameanza kula tena. Natumaini wewe, Mama Gédéon na watoto mnaamka salama huko Yangambi, na kwamba mgongo wako umepoa.

Salamu zimekwisha. Sasa nisikilize, maana nina hasira, na sitaificha eti kwa sababu wewe ni mkubwa wangu.

Rolly alifika Jumatano na mashua yake, na kabla hajatua mzigo akanipa ujumbe wako. Alisema mshahara wa walimu umechelewa tena, wewe umepewa kipande cha shamba nyuma ya shule, na unaomba chupa moja ya mbegu ya maharagi. Hapo ningenyamaza. Lakini akaongeza, huku akicheka, kwamba kama sina ya Mama nikutumie yoyote ya soko, kwa kuwa maharagi ni maharagi. Yaya, neno hilo! Neno hilohilo ulilisema kwenye matanga ya Papa wetu, na hukuona haya kulipakia kwenye mashua linifuate mpaka nyumbani.

Wewe ni mwalimu wa sayansi. Unawachorea watoto wa watu haragi ubaoni, mzizi chini, jani juu. Umewahi hata siku moja kumuuliza Mama alifanyaje? Alipotoka Walungu, kule Kivu, na Papa, alifunga mbegu kwenye pindo la kitenge. Mvua ya hapa si ya Kivu. Mwaka wa kwanza karibu zote zilioza, akavuna za kujaza viganja viwili tu. Akapanda hizohizo, juu ya matuta marefu, na kila msimu alifunga uzi mwekundu kwenye shina lililovumilia mvua. Hakuna aliyeruhusiwa kuchuma chochote kwenye shina lenye uzi. Tulipigwa kwa ajili ya uzi ule, mimi zaidi yako. Maganda aliyaacha mpaka yalie yakitikiswa, akaanika mbegu kivulini, akaijaribu kwa jino: ikibonyea, bado, ikipasuka, tayari. Kisha majivu, kisha chupa, kisha nta ya mshumaa kwenye mfuniko, na chupa juu ya moshi wa jiko. Miaka thelathini hatukuomba mbegu kwa mtu. Miezi ambayo mshahara wa Papa ulibaki maneno matupu, tulikula maharagi hayo, na wewe ulisoma ukiwa umeshiba hayo.

Mwaka juzi ukaja kwenye matanga na suti yako. Watu walikuwa wengi, kweli. Mama alikuwa ameketi kwenye mkeka na wanawake waliomzunguka, na unajua mjane haingii jikoni siku hizo. Ukaingia wewe. Ukaonyesha chupa kwa kidole, ukasema mbele ya kila mtu: «Batu iko na njala. Mupike ile! Maharagi ni maharagi, bon.» Nilikuambia ni mbegu. Ukajibu kwamba aibu ya matanga ni ya mtoto wa kwanza, si yangu, na kwamba utanunua nyingine. Nilikuambia tena. Ukapandisha sauti, ukaniita mtu asiyesoma. Tonton Eugène, ndugu wa Papa, alikuwa mlangoni, akakuunga mkono, maana njaa ilikuwa yake.

Watu wakala. Wewe ulikula sahani mbili, nilikuhesabia. Mama alipoletewa yake akauliza yametoka wapi, na Marie-Jeanne, jirani yetu asiyeweza kufunga mdomo, akamwambia Léon ameagiza mbegu ipikwe. Unakumbuka Mama alivyoisukuma sahani. Hata jeneza la Papa lilipofungwa hakulia vile. Ulipokuja Noeli na mfuko wa mbegu za dukani, zile zilizopakwa dawa nyekundu, aliuacha nje unyeshewe. Ulipopiga magoti kando ya kitanda chake mwezi wa pili mwaka huu, aligeukia ukuta. Siku ya tatu akafa.

Sasa kaa chini kabla hujaendelea kusoma.

Maharagi uliyokula kwenye matanga hayakuwa ya Mama. Kina mama wa kanisa walikuwa wameleta nusu gunia la maharagi ya soko asubuhi ile, nikaliweka nyuma ya kuni. Ulipotoka jikoni nilipika hilo. Chupa nilizifunga kwenye nguo chafu nikazisukuma chini ya kitanda changu. Hukuona tofauti, maana hujawahi kuangalia mbegu ya Mama ina rangi gani. Nilitaka kukunyamazisha tu, na Mama ningemwambia wageni wakishatawanyika.

Sikumwambia. Jioni ile alinishika mkono akasema mimi ndiye mtoto aliyebaki naye. Yaya, tangu utoto nilichota maji, nililima, nilifua, na jina lililokuwa mdomoni mwake ni lako: Léon amesoma, Léon ataandika, Léon akija. Siku ile nikawa mimi. Nikanyamaza kesho yake, nikanyamaza keshokutwa, halafu mdomo ukakataa kabisa. Nilipopanda, nilimdanganya kwamba mbegu nimerudishiwa na Mama Naomie wa Lubunga, ambaye zamani Mama alimpa. Akambariki Mama Naomie. Ulipopiga magoti nilikuwa mlangoni na bakuli la uji. Neno moja lingetosha. Nilisimama pale nikingoja uji upoe.

Usidhani hasira yangu imekwisha. Ulikula maharagi ya soko, lakini uliyala ukiamini ni mbegu, na hilo sijakusamehe. Ila hasira ya Mama mimi ndiye niliyeiacha ikue. Jumapili ya kwanza ya Julai uje. Familia itakutana kwa tonton Eugène, na nitasema yote mbele yao, hata wakinifukuza.

Rolly anakuletea chupa mbili. Inua matuta, na msimu wa kwanza msile hata haragi moja.

Na hili pia nilikuficha. Asubuhi ya siku aliyokufa, ulipokwenda kumtafuta muuguzi, Mama alifungua macho akaniuliza: «Léon alikula?» Nilimjibu kwamba umekula. Ulikuwa hujala tangu jana yake, na aliponiambia nikuwekee chakula, sikuweka, wala sikukuambia kwamba alikuuliza.

Msalimie Mama Gédéon, na watoto uwakumbatie kwa niaba yangu. Mungu awalinde.

Ni mimi mdogo wako,
Georgette