Kisu cha Arobaini

Jumatatu, 2 Julai 1956

Mtoto wa kiume! Kazaliwa juzi Jumamosi, hapa hapa nyumbani kwa Mama. Mdogo wangu Saidati mzima, mtoto mzima, alhamdulillah. Mimi ndiye niliyemshika mgongo, na leo mgongo wangu mwenyewe hauinuki.

Arobaini imeanza. Mama kapanga chumba kama jemadari. Makaa chini ya kitanda, uji wa pilipili manga asubuhi na jioni, mlango usiachwe wazi ikifika magharibi. Na kisu chini ya mto, kisu cha jikoni, kimenolewa. Chuma humzuia shetani asije kubadilisha mtoto. Ndivyo nilivyowekewa mimi kwa wanangu wote.

Faradji, mume wake, yuko njiani na lori la viazi vya Mahoko, anashuka Bukavu. Hajui bado kwamba ni baba.

Jambo moja dogo. Saidati hakuuliza kama ni mvulana au msichana. Nilimwambia mimi. Akasema, "Haya." Haya tu! Nimemsamehe. Kachoka.

Alhamisi, 5 Julai

Halali. Nalala naye chumbani, kwa hiyo najua. Kageukia ukuta, mtoto yuko nyuma ya mgongo wake. Maziwa yanalowesha kanga, mtoto analia, na yeye hageuki. Inabidi nimgeuze kama gunia, nimwekee mtoto kifuani. Ananyonyesha macho yamefumba.

Jirani yetu Mukandutiye kaja kumwona mzazi, na chupa ya maziwa. Aliponiaga nje akasema dada yako ana macho ya mtu aliyefiwa. Nilimjibu vibaya! Nani kafiwa hapa? Kaondoka na chupa yake. Nilikasirika kwa sababu nilikuwa nimeyaona macho hayo kabla yake.

Jumamosi, 7 Julai

Siku ya saba. Nywele zimenyolewa, jina limetolewa: Ramadhani, jina la marehemu baba. Wanawake wa mtaa wetu wa Majengo walijaa uani. Pilau, vigelegele. Nilimvalisha Saidati gauni jipya, nimelishona mwenyewe, shingo ya lesi. Alikaa kama mgeni kwenye harusi ya watu asiowajua.

Shangazi akamwinua mtoto juu. "Angalia mwana wako, mama!" Saidati akasema polepole, lakini walisikia wote: "Huyu haiko wangu."

Vigelegele vikakatika. Mama hakumkasirikia Saidati, alimkasirikia shetani. Kumbe kisha kuingia, anasema, chuma hakikutosha! Akaenda kuleta kisu kikubwa, kile cha kuchinjia. Sasa viko viwili chini ya mto. Nami nikaona kafanya vyema.

Jumatatu, 9 Julai

Mwalimu wa msikiti kaja na kombe. Aya kaziandika kwa zafarani kwenye sahani nyeupe, kaziosha kwa maji, Saidati kanywa. Kasoma vizuri, kwa sauti ya chini. Saidati alilia, kwa mara ya kwanza tangu azae, kisha akalala mpaka alasiri. Mungu amlipe yule mzee. Lakini jioni yote yamerudi. Uji umemwagwa.

Mimi nikiwa na mawazo nakanyaga mashine ya kushonea. Alipokufa baba watoto nilishona sare za shule nzima, na nusu zilipotoka mshono, lakini sikuanguka. Saidati hana mashine. Ana ukuta tu.

Jumatano, 11 Julai

Théogène, yule muganga msaidizi wa hospitali, mtoto wa wavuvi wa huku ziwani, kaja kwenye baraza la duka ninakoshonea, kuchukua suruali yake. Suruali zake huchanika goti lile lile daima. Nikamwambia nina habari ya mwanamke mmoja, jirani tu. Hakudanganyika. Iko nalala? Iko nakula? Iko nasema nini juu ya mutoto? Nikajibu yote. Akavuta kiti.

Anasema daktari wao anawafundisha sasa magonjwa ya akili. Kila mtu ana mawazo, na kila mtu ana namna yake ya kuyabeba: huyu anasali, huyu analia, huyu anafokea watu. (Hapo akanitazama!) Lakini mzigo ukizidi, au mwili ukiwa umetoka kwenye uzazi, akili nayo inaweza kuugua kama tumbo linavyougua. Si uvivu. Si kwamba hapendi. Wanawake wa Kizungu pia inawapata. Nikashangaa. Wao nao!

Nikamwambia kwetu tunasema ni shetani. Hakucheka. Mama yake mwenyewe, anasema, angesema ni abazimu, mizimu ya ukoo imekasirika. Hataki kubishana na wamama. Halafu akashusha sauti.

"Kitu moja tu, Mama Zaina. Nyumba za Majengo mi nazijua. Kisu iko wapi?"

Yoo! Mungu wangu!

Niliacha mashine, nikaacha kitambaa chini ya sindano. Nilikimbia. Mimi, mjane na heshima zangu, nilikimbia barabarani bila viatu, watu wakitoka kwenye maduka kuuliza pamewaka wapi.

Saidati alikuwa macho, uso ukutani. Mtoto kalala. Niliingiza mkono chini ya mto. Vyote viwili vilikuwemo. Nimevitoa, nimevifungia kwenye sanduku langu la nguo. Mwandiko huu sijui kama nitausoma.

Alhamisi, 12 Julai

Vita na Mama. Nimemfungulia shetani mlango, anasema, tena kwa ushauri wa mtu asiyejua hata kutawadha. Nikasema shetani akitaka kazi rahisi, si tulimwekea vifaa tayari, tumevinoa? Hapo nilivuka mpaka.

Kisha nikapata akili. Nikamletea pasi yangu ya mkaa. "Chuma ni chuma, Mama. Hii ni nzito kuliko visu vyote vya Gisenyi." Akaipima mkononi. Akaisomea. Akaisukuma mwenyewe chini ya kitanda, bila kunitazama.

Wateja wangu watavaa nguo zenye makunyanzi. Wavae.

Ijumaa, 13 Julai

Théogène alisema nimuulize Saidati wazi, bila kuzunguka. Eti swali halimtii mtu wazo ambalo hana. Nimezunguka siku nzima! Nimekunja nguo, nimekunjua. Mwisho nikakaa kitandani nikauliza. Unawaza kufa?

"Ndiyo, dada." Kama mtu aliyeulizwa kama chai ina sukari.

Kisha akasema mengine, uso bado ukutani. Nayaandika kama alivyoyasema.

"Kisu ilikuwa naniita. Mi nikasema, kama simuangalie mutoto, sitamufanya kitu. Kama simushike, mikono yangu haitamupata."

Yaani siku zote hizi! Sisi tunasema hampendi, kumbe anamlinda. Anamlinda na nafsi yake mwenyewe, peke yake, na kisu sisi ndio tuliomletea. Nililia kwa sauti. Yeye ndiye aliyeninyamazisha, akanishika goti.

Jumatatu, 16 Julai

Théogène kaongea na daktari. Nimlete, atampima. Kusema ni rahisi!

Kwanza arobaini. Mama anasema mwanamke akitoka kabla ya arobaini, tena kwenda kwa wazimu, ametoka na kwenye ndoa. Watu wa Faradji huko Goma watachukua mtoto wao na kuturudishia binti yetu. Hakosei sana. Nimeona ikifanyika kwa sababu ndogo kuliko hii. Mtoto ataitwa mwana wa kichaa mpaka aote ndevu.

Pili, chumba kile cha vichaa hospitalini. Kila mtu anakijua, kina komeo kwa nje. Wanaoingia pale wanangoja kupelekwa sijui wapi.

Nikamwambia Mama mficha maradhi kilio humfichua. Akasema, "Usinitajie kilio nyumbani mwangu." Na sauti yake ilikatika. Anaogopa kama mimi. Sikuwa nimefikiri hivyo juu ya Mama.

Bila Faradji hatuwezi. Aliahidi kuwa hapa kwa Idi. Idi ni keshokutwa.

Jumanne, 17 Julai

Faradji kafika! Vumbi kuanzia kofia mpaka viatu, na kitambaa cha hariri cha mkewe kimekunjwa ndani ya gazeti. Akambeba mwanawe, akacheka, akaimba. Ikabidi nimwambie.

Kwanza hasira. Nilimuacha muzima, munanirudishia mugonjwa! Mmefanya nini? Nilinyamaza. Mimi! Akaingia chumbani, akafunga mlango. Nilisimama koridoni nikijifanya nafagia. Sikusikia kitu.

Alitoka uso umelowa. Akakaa kwenye ngazi akaniambia habari ya dereva mwenzake, Phocas, aliyepindua lori njia ya Sake. Hakuumia hata ukucha. Lakini tangu siku hiyo akishika usukani anatetemeka, jasho linamtoka. "Tulimucheka, shemeji. Tulimuita mwoga. Leo anauza mikate." Akatazama mikono yake. "Bon. Kesho, watu wakienda kuswali, naleta voiture, lori yangu, mpaka hapa uani. Hakuna mutu atatuona."

Utakosa swala ya Idi? nikauliza.

"Nitakosa."

Jumatano, 18 Julai. Idi

Naandika kwenye benchi la hospitali.

Majengo ilikuwa tupu. Takbiri tulizisikia kwa mbali. Lori liko uani, injini inanguruma, na Mama kasimama mlangoni, mikono yote miwili kwenye miimo. Hapiti mtu hapa. Faradji hakupandisha sauti. Akasema dhambi ya kukosa swala ni yake, atajibu mwenyewe. Mama hakusogea.

Ni Saidati aliyesema. "Mama, mi naogopa kubaki."

Mama alishusha mkono mmoja. Mmoja tu. Tulipita upande huo.

Daktari bado. Théogène anasema huenda akamweka siku kadhaa, labda wiki kadhaa. Komeo nimeliona, lipo kweli, kubwa. Kaniahidi halitafungwa kama ndugu atalala humo ndani. Nimesema nitalala mimi. Faradji yuko nje kwenye jua na kanzu ya Idi, anazunguka lori lake, anapiga teke magurudumu.

Mtoto alianza kulia. Nikainuka kumgeuza Saidati kama kawaida. Akaninyooshea mikono yeye mwenyewe!

"Nipe. Lakini usiende, dada. Kaa hapa karibu."

Nilimpa. Mkono wangu mmoja niliuacha chini ya kichwa cha mtoto. Akanyonya. Na macho ya Saidati hayakufumba. Alimtazama. Paji la uso, pua, vidole kimoja kimoja.

"Masikio ni ya Faradji," akasema.

Nilisema moyoni, imekwisha, tumerudi nyumbani, Mungu mkubwa! Nilikuwa karibu kumwita Faradji. Kisha nikaona jasho juu ya mdomo wake.

"Mushike. Mushike sasa hivi, dada. Muondoe—"

Nimemchukua, maziwa bado yanadondoka. Nimemfunga mgongoni kwangu, ndiyo maana naandika hivi, vibaya, nimesimama. Saidati kakalia mikono yake. Kaikalia yote miwili, kwa uzito wake wote, macho mlangoni.

Mlango umefunguliwa. Théogène anaita jina lake, polepole, kama anaita mtoto mdogo. Saidati amesikia. Hajainuka. Akiinuka, itabidi aiachie mikono.