Nilidai Orofa, Nikasahau Ngazi

Langoni, Lamu
21 Rajabu 1388 (14 Oktoba 1968)

Mpendwa mpwa wangu Mahdi,

Assalamu alaikum warahmatullahi wabarakatuh. Natumai waraka huu utakukuta u mzima, wewe na mkeo Alawiya na wale pacha, na kwamba kifua cha Alawiya kimepoa. Sisi huku tu wazima, alhamdulillahi, ila goti langu la kushoto, nalo tumeshazoeana. Khalati yako, dada yangu Mwanaarabu, ni mzima wa mwili. Lakini leo ni siku ya kumi na moja hajashuka kutoka orofani kwake, na hiyo ndiyo sababu waraka huu utakuwa mrefu.

Kwanza nikujibu ulilouliza. Ulitaka kujua mambo yanavyokwenda huku tangu mahakama zibadilishwe, upate kuwaeleza mawakili wenzako wanaopokea kesi za visiwani. Nimekuandikia mara mbili tangu Julai, umejibu mara moja. Silalamiki, natoa hesabu tu.

Ile mahakama ya mudiri, mtawala mdogo wa zama za Sultani, niliyoitumikia miaka ishirini na miwili haipo tena. Kadhi amebakiwa na ndoa, talaka, mirathi na mambo ya namna hiyo kwa Waislamu. Mengine yote yako kwa hakimu. Hakimu wetu ni Bwana Wanyama, mtu wa bara, mpole, na huuliza sana. Ukalimani amepewa Bwana Kariuki, kwa kuwa yeye ana cheti na mimi sina. Haya. Lakini mzee wa Siyu akitoa neno la kwao, Bwana Kariuki hugeuka kunitazama mimi niliyeketi benchi la wasikilizaji, nami humnong'oneza. Mke wangu huniuliza kwa nini sinyamazi. Siwezi, Mahdi. Kila shauri nataka kujua litaishia wapi.

Sasa tuje kwa khalati yako. Nyumba ya babu yako waijua, lakini wenzako hawaijui, kwa hiyo waeleze polepole. Huku kwetu baba humjengea binti orofa juu ya nyumba yake anapoolewa, ikawa yake, na chini pakabaki pa mwingine. Mwanaarabu alipewa juu. Ndugu yetu kwa baba, mjomba wako Badawi, alipewa chini. Mimi niliambiwa nina mikono miwili na macho mazuri, nikatafute. Nilitafuta, nikapata.

Mwezi wa Mei Badawi alipata mnunuzi, mfanyabiashara mgeni anayetaka nyumba nzima iwe ghala. Nzima, juu na chini. Akamwambia Mwanaarabu atamtafutia chumba kwingine. Mwanamke wa miaka hamsini na mmoja, mjane, kazaa watoto wanne katika orofa ile, atafutiwe chumba! Nilichukua kalamu siku ile ile nikamwandikia madai.

Ushahidi tulikuwa nao. Babu yako aliandika hiba ya kumpa Mwanaarabu orofa kwa mkono wake mwaka 1354, yaani miaka thelathini na minne iliyopita kwa hesabu yetu na thelathini na mitatu kwa hesabu ya serikali, kwenye karatasi tupu ya mwisho ya msahafu wake, chini ya orodha ya siku tulizozaliwa. Mashahidi wawili, wote wamekwisha kufa, Mungu awarehemu.

Hapo ndipo nilipokosea mara ya kwanza. Nilijua kitu kikipelekwa mahakamani hupigwa muhuri, hufungwa uzi, huwekwa stoo pamoja na mapanga ya watu na chupa za tembo la mnazi. Msahafu? Nikatawadha, nikachukua wembe, nikaikata ile karatasi moja, nikaona nimefanya la adabu na la akili. Barua yako ya kunikataza nisikate kitu ilifika siku tisa baadaye.

Bwana Wanyama akaishika, akaigeuza. "Karatasi hii imetoka wapi?"

Nikasema imetoka kwenye msahafu wa marehemu baba.

"Na msahafu uko wapi?"

"Uko nyumbani, mahali pake, Bwana Hakimu."

"Basi nitajuaje kuwa imetoka humo? Nani aliikata?"

Nikasema ni mimi. Badawi akacheka mbele ya watu wote. "Hongera, karani! Miaka ishirini na miwili ya mahakama, umehitimu ukinyozi!"

Waandikie wenzako hili kwa wino mzito: kitabu cha mtu wa Lamu hakikatwi wala hakiletwi. Muombe hakimu aende kukiona kilipo. Mimi niliomba nikiwa nimeshachelewa, kwa aibu, nikidhani atakataa. Hakukataa. Alikuja Langoni kwa miguu na Bwana Kariuki, akavua viatu, akasema yeye hatakigusa, nifungue mimi. Nikarudisha karatasi mahali pake. Wadudu walikuwa wametoboa nyuma ya kitabu tangu zamani. Nikahesabu kwa sauti: tundu kumi na saba kwenye karatasi yangu, kumi na saba kwenye ukurasa unaoitangulia, kila moja juu ya mwenzake. Bwana Wanyama akazihesabu tena yeye mwenyewe, akaanza upya alipofika kumi na moja kwa kuwa Badawi alikuwa akimsemesha.

Badawi akajaribu njia nyingine, kwamba hili ni la mirathi, lipelekwe kwa Kadhi. Hakimu akasema mirathi ni mali ya maiti, na hapa baba alitoa akiwa hai, na binti akaipokea akaikalia. Hilo nalo liandike. Wateja wetu wengi wanapoteza miezi kwa kupeleka shauri mlango usio wake. Uliza kwanza: aliyetoa alikuwa hai au amekufa?

Alhamisi, tarehe tatu, hukumu ikasomwa. Orofa ya juu ni ya Mwanaarabu, na Badawi hana ruhusa ya kuiuza. Tulitoka tukicheka. Bi Mwanamkisi, jirani wa ng'ambo ya kichochoro, alipiga vigelegele mpaka nikaona haya.

Ijumaa asubuhi Badawi akasimama chini ya ngazi. Unakumbuka ile ngazi inavyoanzia uani kwake, huwezi kupanda bila kupita mlango wake. Akamwita dada yake kwa heshima zote. "Bi Mwanaarabu, korti imekupa juu, nami nimekubali. Ngazi iko tini. Ukishuka, hupandi tena."

Nikaenda mbio kusoma hukumu. Neno ngazi halimo. Nikasoma madai yangu mwenyewe, kurasa nne. Halimo. Niliandika vyumba vitatu, madirisha matano, choo, dari, hata zidaka za kuwekea vyombo ukutani nilizihesabu, arobaini na nane. Hakimu alitoa nilichoomba, kamili. Mimi ndiye niliyemwombea dada yangu nyumba isiyo na pa kuingilia.

Tangu siku ile hashuki. Chakula anakivuta kwa kikapu na kamba kutoka dirisha la kichochoroni, na Bi Mwanamkisi ndiye anayefunga. Juzi nilimpeleka fundi, nikiwa na shauri nililoliona zuri. Kile chumba kinachovuka juu ya kichochoro kinagusa ukuta wa Bi Mwanamkisi, naye yu radhi. Tutoboe mlango pale, Mwanaarabu ashukie kwa jirani, yaishe bila korti. Fundi alisema kazi ya siku mbili. Nikamwita dada yangu dirishani nikamweleza, na wapita njia wakasimama kusikiliza.

Akaniuliza, "Na hii ngazi yangu?"

Nikamwambia aiwache, cha nini ugomvi.

"Khatib, wewe umesoma. Nikitoka kwa ndia nyingine si nimekiri kuwa hii si yangu? Mwambie fundi arudi kwake."

Nikamrudisha fundi. Mwanaarabu hajui kusoma herufi moja ya Kizungu, na alilosema ndilo ninaloliona sasa katika nakala ya sheria mpya niliyoazima ofisini: njia iliyotumiwa kwa amani miaka ishirini bila kukatizwa huwa haki. Yeye anayo thelathini na mitatu. Lakini nina maswali, na usiku na mchana yananizunguka. Miaka ile ya mwanzo babu yako alikuwa hai na uani ni kwake. Je, nayo inahesabiwa, au tuanze pale Badawi alipopachukua, ambapo hata hivyo tunayo ishirini na sita? Tishio la mdomo, bila kufuli, ni kukatiza? Na asiyeshuka kwa khofu, anahesabiwa kuwa anaitumia ngazi au ameiwacha? Hili la mwisho sijaliona katika kitabu chochote, na nataka sana kulijua.

Hakimu amekubali kulisikiza shauri la ngazi Jumatatu tarehe 28, saa tatu, na madai yaletwe siku hiyo hiyo. Zimebaki siku kumi na nne, na barua yangu itakula nne au tano.

Mahdi, nimewaandikia watu wa Lamu, Siyu na mpaka Mkokoni madai mia nne na kumi na mawili, ninayo orodha, wala sikuwahi kumwomba mtu anisahihishie. Haya ya ngazi nimeyaanza mara tatu nikayachana. Kila nikimaliza ukurasa naona kuna kitu nimekisahau, na kalamu inasimama. Nakuomba uyaandike wewe. Ukiweza kuja, njoo. Usipoweza, tuma maandishi kwa ndege ya posta, nami nitayasoma mbele ya hakimu kama yalivyo bila kuongeza neno langu.

Nisalimie Alawiya na pacha, na ami yako mdogo Abubakari ukimwona Kibokoni. Nisalimie na Bi Rosebella anayepiga taipu ofisini kwako, mwambie barua za Lamu aziweke juu. Mwanaarabu amenipigia kelele kutoka dirishani nikuandikie kuwa anakuombea, na kwamba ukija upandie ngazini, usikubali kikapu.

Mungu akufungulie kila mlango unaoubisha, na akulinde na jicho na ulimi wa watu.

Ni mimi mjomba wako akupendaye kwa dhati,
Khatib