Kimya cha Ramlah

Jumatatu, 4 Agosti 2025
Leo Baba kamwambia Ramlah habari ya posa. Kasimama mlangoni, jua nyuma yake, masharubu yamefunika midomo. Nani angesoma midomo ile! Ramlah kaitikia kwa kichwa, kacheka kidogo, karudi kwenye cherehani. Baba furaha tele. Amekubali, anasema, mposaji, Isiko wa Jinja, aje Ijumaa kufunga ndoa.

Mdogo wangu haitikii kwa kuwa ameelewa. Anaitikia ili watu wasimkasirikie. Homa ya uti wa mgongo ilimwacha kiziwi akiwa na miaka saba. Lugha ya alama aliileta kutoka shule, na nyumba nzima nimejifunza mimi tu.

Nilimuuliza kwa mikono: Baba kasema nini? Akajibu: eti tutakwenda Jinja kutembea! Nikashindwa kumsahihisha. Mwoga mimi.

Jumatano, 6 Agosti
Nimemwambia Baba kwamba Ramlah hajaelewa. Akawaka. Mwali akinyamaza amekubali, ndivyo yeye Baba alivyofundishwa tangu utotoni, mimi nani nibishe?

— Lakini Baba, yeye hunyamaza kila siku!

— Wewe Shifa nataka haribia dada yako? Nyamaza na wewe!



Alhamisi, 7 Agosti
Ramlah anashona gauni la harusi. Anadhani ni la mteja! Kaniuliza kama bibi harusi ni mnene. Nikajibu: ana mwili kama wako. Kisha nikatoka nje, nikalia nyuma ya nyumba.

Ijumaa, 8 Agosti
Sebule imejaa wageni waliotoka msikitini. Shehe Mafabi kaja chumbani kwetu na mashahidi wawili. Kamuuliza Ramlah kama anakubali kuolewa na Isiko. Kimya.

— Si mmeona? Nakubali huyo, Baba kasema.

Shehe kakataa. Huyu hasikii, kimya chake si jibu. Nani anajua lugha yake ya mikono? Wote wakanigeukia.

Basi nikamwambia Ramlah yote. Isiko, Jinja, gauni. Uso ulimbadilika. Akajibu haraka, mara mbili, na chumba kizima hakuna mwingine aliyeelewa: Sitaki. Na wewe ulijua!

Nikasema tumbo linaniuma, nikakimbilia msalani na mkoba wangu. Ndimo ninamoandika. Baba anagonga mlango taratibu, kwa sauti laini ambayo sijapata kuisikia kwake.

— Shifa, mama, toka. Shehe nangoja. Wewe sema tu yeye nakubali.