Mkono wa Mama

Nkuhungu, Dodoma

Dada Erica, shikamoo.

Dodoma nzima hakuna anayejua mapigo kunishinda, na ile mashine ya moyo hospitalini ingekuwa na adabu ingeniamkia. Kwaya wamenipa ngoma kubwa. Zablon, aliyekuwa akiipiga kabla yangu, amenuna, mwache anune.

Uliuliza habari za Mama. Mapigo ya moyo wake yalikuwa yakienda ovyo; walipomshtua moyo kwa umeme hospitalini, yalinyooka palepale. Daktari akasema moyo umetanuka, huenda yakavurugika tena, arudi kupimwa. Nikamcheka: "Daktari, mimi ni mpiga ngoma. Moyo huu hautoki tena kwenye mstari." Mama akawatangazia majirani maneno yangu. Tangu hapo kila asubuhi ananipa mkono nimsikilizie mapigo, kliniki hataki kuisikia.

Jumapili ngoma ilinishinda kanisani. Mikono ilipiga, ikaruka, ikakimbia, kwaya nzima ikapotea. Zablon alicheka mpaka akakaa chini. Mimi nilijua mapigo yale nimeyatoa wapi: kwenye mkono wa Mama, asubuhi ileile.

Nakuandikia kwa sababu kwenye simu Mama angesikia. Asubuhi ile ya Jumapili, kabla ya kwenda kanisani, nilimshika mkono, akauliza, "Vipi, fundi wangu?"

Nikamjibu, "Yamenyooka, Mama." Hayakuwa yamenyooka, dada, na mpaka leo sijamwambia.

Mdogo wako,
Filipo