Kilichotoka Kwenye Mkoba wa Shangazi

Mwenzangu, bado niko mpakani. SHANGAZI ANAMEZA VIDONGE 😭

Ndiyo, yule yule! Aliyekupokonya kidonge cha kichwa siku ya harusi yangu, akasema vidonge ni vya wavivu wa kusali.

Ngoja. Zile dawa kali nilizopewa baada ya kupasuliwa mgongo, mimi kwa ujanja wangu nilizitoa kwenye pakiti nikazimimina kwenye kopo la peremende, zisijaze begi. Afisa wa forodha kafungua kopo, kanikodolea macho.

"Dada, hizi dawa zinadhibitiwa. Pakiti iko wapi? Cheti cha daktari?"

Sina! Kumbe bila cheti, mimi na muuza unga ni kitu kimoja. Nikaangua kilio palepale. Namgeukia Shangazi anitetee, yeye anasoma tangazo ukutani.

"Na wewe mama, una dawa?"

Weee. Akafungua mkoba taratibu. Pakiti zote zina jina lake. Cheti kina muhuri. Za presha, za magoti, za usingizi. ZA USINGIZI, nakwambia!

Afisa akanigeukia: "Umeona? Hivi ndivyo watu wanavyosafiri."

Wakapiga simu hospitali, ikathibitisha, wakaniachia. Dawa wamebaki nazo. Tumetoka nje mgongo unawaka moto, na Shangazi hata hanitazami.

"Ukisema nyumbani, na mimi nitasema ulivyomlilia afisa."

Kaniapisha nisimwambie mtu.

Basi wewe leo si mtu.